Tatu Nyingi na Moja Mwishoni

Bondeni, Nakuru
Jumapili, 11 Januari 2026

Kwako Wariara,

Niaje? Natumai umeshatulia huko na hukusahau soksi kama mwaka jana. Barua hii iko ndani ya mkono wa sweta ya juu kabisa, ile ndogo. Mama yako anasema matron wenu ni mtu wake na hatasumbua, lakini ukiitoa, itoe kama mtu anayejaribu sweta. Usicheke. Ukicheka watajua.

Wale wa Gredi ya Kumi wamekuja kwenu wengi sana, kwa hivyo mama yako anafuma sweta kutoka asubuhi, na kila wiki kuna mzigo wa kuleta huko. Nikitoka shule naingia hapa kwenu kufanya homuweki. Kwetu unajua hakuna nafasi, na sasa wajomba wamekuja kutoka Kimilili, wamekalia mpaka meza. Hapa ni mashine tu, kraa ikienda, kraa ikirudi. Haniulizi mtu kitu. Mama yako anajua mimi maneno hunikwama kooni. Kwenye karatasi hayakwami, wewe ndiye unajua, na labda ndiyo maana sina rafiki mwingine.

Bado nafikiria Desemba. 33333331. Sijui kama kuna mtu mwingine Nakuru nzima aliyetumia likizo yake hivyo. Tulianza na 31, tukabandika tatu mbele, tatu nyingine, tatu nyingine, na kila moja ilitoka tasa, haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe. Halafu hii ya tarakimu nane. Wewe ukisoma nambari za kugawia, mimi nikigawanya, kwa mkono, bila kikokotoo, mpaka tukapita elfu tano mia saba, na ikakataa zote. Mama yako alipotusikia tukiimba "ni tasa, ni tasa!" alitoka na mwiko: "Shindweni! Mnamsema mwanamke gani hivyo kwangu?" Nikikumbuka hucheka peke yangu darasani na watu wananiangalia.

Na tulifuata sheria yetu mpaka mwisho: aliyeleta nambari haikagui. Unakumbuka ilikotoka? Darasa la sita, ulipoapa kwamba 91 ni tasa kwa sababu uliipenda tu, nami nikaigawa kwa saba, ukanuna mpaka Jumatatu. Ukiileta wewe unaitaka iwe, na mkono wako unakudanganya. Kwa hivyo wewe unaleta, mimi nakagua.

Sasa swali dogo. Kwenye kile kikaratasi ulichorudisha na sweta za saizi mbaya umeandika "tuko poa", "tumekaa nyuma kabisa", "kuna kitu tunapanga". Nyinyi ni wewe na nani?

Ni mimi mkaguzi wako,
Nangila


Kariandusi
18 Januari 2026

Mkaguzi!

Nimejaribu sweta kama ulivyosema, matron akaniangalia akasema, "Wariara, hiyo ni ya mtoto mdogo, unataka kuipasua?" Karibu nife. Nimeisomea barua nyuma ya tangi la maji.

Huku ni vumbi jeupe la machimbo tu. Unaanika sketi ya bluu asubuhi, jioni unavaa sketi ya mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Lakini nimezoea.

Umeuliza nyinyi ni nani. Anaitwa Jackie. Amehamia hapa kutoka Nairobi, kwao sasa ni Kiamunyi, kwa zile nyumba za geti, na Madam Edinah wa hesabu akamweka dawati langu. Mwanzo nilimwona ni maringo matupu, ana chupa ya maji ambayo inabaki baridi mchana kutwa. Lakini Nangila, huyo msichana ana kichwa! Nilimwonyesha nambari yetu. Akaitazama kidogo tu, akasema, "Saba haitaigawa. Hata uongeze tatu mpaka Naivasha, saba haitaigawa."

Nikamwambia, thibitisha. Akasema: izidishe kwa tatu, halafu ongeza saba. Jaribu! 33333331 mara tatu ni 99999993, ongeza saba, unapata moja na sifuri tupu nyuma yake. Sasa, kama saba ingeigawa nambari yetu, ingelazimika kuigawa na hiyo moja yenye sifuri. Na hiyo imejengwa kwa mbili na tano peke yake, saba haimo. Kwisha. Bila kugawanya hata mara moja! Nilipiga kelele, prep yote ya jioni, darasa zima likageuka. Kesho yake akaonyesha na 11, halafu 13, kwamba nazo hazitaigawa kamwe.

Madam Edinah ametuchagua sisi wawili tuwakilishe shule kwenye kontesti ya hesabu, Jumamosi tarehe 14 Februari. Tutasimama ukumbini mbele ya shule za Nakuru yote na Gilgil tueleze tatu zetu. Watakaoshinda wanaenda Nairobi.

Jackie anasema inayofuata lazima ni tasa pia, yaani 333333331. Zile saba za kwanza zote zimekuwa, hii itakataa kwa nini? Nikamwambia, pole pole dada. Nimeileta mimi, na wewe umenisaidia kuileta, kwa hivyo hakuna kati yetu anayeikagua. Ina mwenyewe. Akacheka sana. "Si uchukue kikokotoo?" Nikamwambia hapana.

Kwa hivyo hii hapa, ni yako: 333333331. Ukisema ni tasa, tunaitangaza jukwaani. Ukisema siyo, tunaiacha.

Mama ameniandikia eti siku hizi unajua kufuma mikono ya sweta. Kumbe unaninyang'anya kiti? Ninatania.

Jackie anakusalimu.

Wako wa tatu nyingi,
Wariara


Bondeni
25 Januari

Wariara,

Nimepata barua.

Nimefurahi kwamba umechaguliwa. Hongera kwa nyinyi wawili.

Mwambie Jackie hiyo ya saba ni nzuri. Nimeijaribu. Ni kweli. Mimi nilikaa Desemba yote nikigawanya na haikunijia, na mwenye chupa ya maji baridi ameiona kwa kutazama tu. Basi.

Nilidhani 33333331 ni yetu. Sikujua ni kitu cha kuonyesha mtu wa dawati. Sijasema usionyeshe. Ni yako pia. Lakini kama ningekuwa mimi nimepata dawati na mtu mpya, ningemwonyesha vitu vingine kwanza. Ningemwonyesha ramani. Ningemwonyesha mahali pa kunawa mikono.

Kuna kitu nimeona kwenye nambari hiyo, sijui kama mtaalamu wenu amekiona. Ukiigawanya kwa tatu, inabaki moja. Bandika tatu nyingine mbele, inabaki moja. Bandika hata kumi. Wakija watu watatu kugawana, kila mtu anapata sawa, na moja inaachwa hapo mezani haina mwenyewe.

Ile ya tarakimu tisa nitaikagua nikipata nafasi. Tuna mitihani midogo wiki hii.

Kuhusu kiti, ni mama yako aliniambia nikae. Sikuomba.

Nangila


Bondeni
Jumanne, 27 Januari
(Barua hii haikutiwa ndani ya sweta yoyote.)

Wariara wangu,

Nimeigawa.

Sikutaka. Nilitaka kwanza kuona kama Jackie amekosea, hiyo ndiyo kweli, ndiyo maana nilianza na saba. Haikugawa. Kumi na moja, ikakataa. Kumi na tatu, ikakataa. Nikakasirika kwa sababu hajakosea. Nikaweka kumi na saba bila hata kufikiria. Ikaingia. Tarakimu moja baada ya nyingine iliteremka vizuri, na mwishoni haikubakisha kitu.

333333331 ni 17 mara 19607843. Si tasa.

Nimerudia kwa kuzidisha, kwa penseli nyingine, kana kwamba penseli ndiyo ingedanganya. Ni hivyo hivyo.

Sasa nitakuambia kitu ambacho siwezi kumwambia mtu. Nilifurahi. Mama yako aliniuliza, "Nangila, mbona unatabasamu na uzi umekukatikia?" Nilikuwa nimeona Jackie mbele ya ukumbi na kumi na saba ikimwangukia kichwani. Nilimwona akitafuta chupa yake. Na wewe nilikuona ukigeuka na kunitafuta kwa watu, ingawa sitakuwepo.

Nikikutumia hii, mtaiacha ile nambari, mtaeleza zile saba vizuri, mtashinda, na wewe na yeye mtaenda Nairobi pamoja. Mtalala chumba kimoja huko. Utarudi na maneno yenu ambayo mimi siyajui.

Na nisipokutumia, itakuwaje?

Sijui mimi ni mtu gani. Ile ya Jumapili imeshaondoka na mzigo wa jana; hii nitaiweka kwenye mzigo wa Alhamisi.

Mkaguzi wako,
Nangila


Kariandusi
1 Februari

Nangila,

Mzigo umekuja na sweta thelathini na sikuona kitu. Nimeingiza mkono kwenye kila mkono. Matron ameniuliza kama ninatafuta mchumba humo ndani.

Umenikasirikia? Barua yako ya mwisho ilikuwa kama ile sauti yako ya kuongea na mwalimu mkuu. Nilimwonyesha Jackie nambari kwa sababu nilikuwa nakumiss, ndiyo kweli yenyewe, nilitaka kuisema kwa sauti na mtu. Hakuna mtu huku anayejua kitu chochote changu. Halafu akaipenda, nami nikafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za kwao.

Hiyo yako ya kubaki moja nimeisoma mara nyingi. Jackie anasema ni kawaida, kwa sababu tatu zote zinagawika halafu ile moja ya mwisho inabaki. Mimi nimeona hukuwa unaongea juu ya hesabu.

Bado nangojea ile ya tarakimu tisa. Jackie ananisumbua kila siku. "Huyo rafiki yako ni mahakama kuu?" Ameiandika mpaka kwenye karatasi ya maonyesho kwa penseli, nikaifuta. Kontesti ni wiki ijayo ikiisha. Tafadhali. Hata neno moja tu. Ndiyo ama siyo.

Mwambie mama chupi zimefika. Na mwambie nimeuliza kama ananikumbuka ama ameshapata mtu wa kumsaidia.

Wariara


Bondeni
8 Februari

Wariara,

Pole kwa kuchelewa. Mitihani, halafu ndugu yangu alikuwa na malaria.

Ile nambari bado sijaimaliza. Nimepima chache tu. Ni kubwa sana, unajua ile ndogo ilituchukua likizo nzima. Nisingependa kusema ndiyo ama siyo na sina uhakika.

Fanyeni tu mtakavyoona. Kila la heri wewe na Jackie wako.

Mama yako anasema anakukumbuka sana. Anasema mikono yangu imeanza kunyooka.

Nangila


Kariandusi
15 Februari

Sasa Nangila,

Hatujuani lakini mimi nakujua mpaka saizi ya kiatu. Mimi ni Jackie. Karatasi hii iko kwenye sweta yangu mwenyewe, naomba mama Wariara anishonee kiwiko, na wewe unipe jibu. Wariara hajui naandika.

Jana tulienda kontesti. Ukumbi ulijaa, wavulana wa shule zingine wako nyuma wanapiga miluzi mpaka wakatishiwa kutolewa. Wariara alieleza zile saba. Sijawahi kumsikia akiongea vile, nambari moja moja, kama anatambulisha watu wa kwao. Mimi nikaeleza kwa nini saba haigawi. Watu wakapiga makofi. Tulikuwa tumeshinda, ninakuambia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo za Nairobi.

Halafu jaji, mzee mmoja anaitwa Bwana Mathenge, akauliza, "Na inayofuata, wasichana?"

Wariara akasema, "Hatujui. Iko kwa mkaguzi."

"Mkaguzi gani?"

"Yuko Bondeni."

Ukumbi ukacheka wote. Kuna mvulana akapiga kelele, "Ni mkaguzi wa stima?" Nikaona Wariara amesimama tu, hata hajainamisha uso. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilichukua chaki nikasema, "Ni tasa pia, mwalimu. Zote saba zimekuwa, na 7, 11 na 13 haziwezi kuigawa." Nikaiandika kubwa ubaoni.

Mzee aliinuka. Alikuja akaandika 17 kando yake, akaanza kugawanya, pole pole, kama mtu anayemenya viazi. Alipofika sifuri akapuliza chaki kwenye vidole. "Binti yangu," akaniambia, "hukufika mbali, ulikuwa umebakisha nambari moja tu."

Wavulana ndio wanaenda Nairobi. Mimi sasa naitwa Seventini shule nzima, hadi mpishi. Nikipewa ugali: "Kata hiyo mara kumi na saba!"

Sasa nisikilize. Ningeweza kuigawa mwenyewe, najua, nimejitukana vya kutosha. Lakini nilitaka kuuliza kitu kimoja. Ulikuwa unajua?

Kwa sababu kwenye lori la kurudi wote walikuwa wananicheka, na wengine wakasema mkaguzi wenu alinyamaza makusudi. Wariara akawakatiza. Alisema, "Nangila angejua angesema." Alisema hivyo mbele ya watu wote, na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumamosi.

Mimi simwamini. Kumi na saba ni ya nne ukianza na saba. Mtu wa kupita elfu tano kwa mkono hawezi kukosa kuifikia kwa wiki tatu.

Na nitakuambia lingine kwa sababu hatujuani. Tangu Januari, kila nikisema kitu kizuri, ananiambia "ngoja nimwandikie Nangila." Nilitoa ile ya saba kichwani mwangu, nikampa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kalamu akuandikie wewe. Sijawahi kungojewa na mtu vile anavyokungojea. Sikupendi, lakini ninajua ni kwa sababu gani.

Kiwiko ni cha kushoto.

Jackie


Bondeni
22 Februari

Wariara,

Nilijua.

Naweka hapa barua ya tarehe 27 Januari. Isome kwanza halafu urudi.

Hukuniamini vibaya, mimi ndiye nilikuwa mbaya. Sijui kama inatofautiana. Barua hiyo ilikaa ndani ya kitabu changu cha jiografia. Kila mzigo wa sweta ulipofungwa nilikuwa naishika, mama yako anavuta kamba, nami nasema moyoni, sasa, ingiza sasa, na mkono hauendi. Halafu nikaandika ile ya malaria. Ndugu yangu hakuwa na malaria. Alikuwa nje anacheza mpira.

Nilikuwa na wivu. Nimeliandika neno hilo na limekaa hapo kwenye karatasi kama mende. Nilikuwa na wivu na ile chupa. Nilikuwa na wivu na saba. Nilikuwa na wivu na dawati, mbao tu, kwa sababu mnaliegemea wote wawili. Nilidhani nitajisikia vizuri akianguka. Jackie aliponiandikia, bila wewe kujua, jinsi ulivyosimama pale watu wanacheka, ukasema iko kwa mkaguzi, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za bomba la maji, na mama yako akaniita nile mpaka chakula kikapoa.

Nilitaka Jackie aanguke. Sikufikiria kwamba ungekuwa umesimama kando yake.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Wiki hii mnakuja hafutamu, zile siku chache za katikati ya muhula. Nitakuwa nyumbani kwetu. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane. Nitasimama, sitasema kitu, unajua siwezi. Lakini nitakuwa nimesikia.

Mwambie Jackie nimemshonea kiwiko mwenyewe. Mwambie nilijua. Usimwambie nimesema pole, nitamwandikia mwenyewe nikipata la kusema.

Nangila


Kariandusi
1 Machi

Nangila,

Nimesoma zote mbili. Sijui mara ngapi. Niliwaambia watu kwenye lori kwamba ungejua ungesema. Unajua nilivyojisikia? Kama nimetembea mji mzima sketi imechanika nyuma na wewe uliiona nikitoka mlangoni.

Nilikuja. Jumatano. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, makali, ungelia. Nikapita kwetu kwanza kuweka begi. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, na mama amekushika vidole, anakuonyesha jinsi ya kupunguza nyuzi mkono ukifika kwenye kifundo. Alikuwa anakuambia, "Pole pole, mtoto wangu." Hakuna aliyeniona. Mama hajawahi kunishika vidole vile. Mimi nikikosea huniambia toka hapo, nenda ukasome.

Nikageuka na begi langu. Nikaenda Kiamunyi kwa akina Jackie, nikampigia mama kwa simu ya mamake Jackie nikamdanganya kwamba tuna kazi ya shule. Nimekaa hafutamu yote kwa nyumba ya geti nikila keki na sikuhisi utamu. Kwa hivyo hiyo mende yako, mimi pia ninayo. Nilikuwa nayo tangu ile barua ya mikono ya sweta. Niliandika "ninatania" na sikuwa natania.

Sasa nikuulize kitu. Unadhani sikuweza kugawa kwa kumi na saba? Mimi? Ni dakika moja. Kila siku nilikuwa naiangalia ile nambari na kila siku nilikuwa naiacha. Jackie alikuwa ananiambia wewe ni mjinga, piga hesabu. Ningepiga, ungebaki na kazi gani kwangu? Mama unaye wewe. Kiti unacho wewe. Hiyo sheria yetu ilikuwa kitu pekee kilichobaki cha kukufanya uniandikie. Ndiyo maana nilisimama pale nikachekwa. Sikuwa nalinda hesabu.

Nimemwambia Jackie kwamba ulijua. Alikigeuza kiwiko akakiangalia, halafu akasema, "Angalau ameshona vizuri." Amevaa hiyo sweta leo.

Bado nimekasirika. Sijui itaisha lini na usiniulize.

Lakini hii hapa. Tarakimu kumi: 3333333331. Nimeileta mimi. Sijaigusa.

Wariara


Bondeni
15 Machi

Wariara,

Nimeanza tena kutoka saba. Najua saba haiwezi, Jackie ameshaonyesha, lakini nilitaka kuipita kwa heshima.

Ilikataa 17 safari hii. Ilikataa 31, ikakataa 101, ikakataa 331, kila moja ilibakisha kitu. Nilipopita mia tano nilianza kuitamani iwe tasa, Wariara, nilitaka sana nikuletee hiyo. Nikajishika. Nikaweka penseli chini nikaenda kuwatekea maji watu wa kwetu, mpaka hamu ikatoka mkononi.

Si tasa. Ni 673 mara 4952947.

Nilipoona sifuri sikufurahi na sikuhuzunika. Nililia kidogo tu, na mama yako akanikuta. Akaniuliza. Nikamwambia yote, kwa mdomo, yote mpaka ya mlangoni. Samahani, hiyo ilikuwa yako. Alizima mashine. Halafu akasema, "Yule nilimfukuza kwenye mashine ili asije akaishia hapa." Amesema siku ya kufunga shule atakuja kukuchukua mwenyewe, na kwamba usifike na mkono laini, mtafuma naye.

Kiti nimekirudisha mahali pake, karibu na dirisha. Mimi nakaa kwenye kreti ya soda. Ni sawa tu, inanitosha.

Barua hii iko kwenye mkono wa kulia, sweta ya juu. Mkono huo nimeufuma mimi, kifundo kimekubali.

673. Nimeigawa mara mbili, kwa penseli mbili. Mara ya tatu mpe Jackie aigawe. Yeye hakuileta.

Nangila